Keki ya Wafalme kwa Donge la Maandazi

Keki yangu ya kwanza ya kanivali ilikuwa tamu na laini, na watoto waliimaliza kabla ya jua kuchwa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba haikuwa keki ya kanivali. Niliioka tarehe 6 Januari 2021 katika nyumba yetu ya kupanga mjini New Orleans, jimbo la Louisiana, kwa namna ile ile niliyozoea kuoka keki za siku ya kuzaliwa: nikapiga siagi na sukari mpaka vikawa vyeupe, nikatia mayai moja baada ya jingine, nikachekecha unga pamoja na beking pauda, nikamimina rojo katika chombo chenye tundu katikati, na ilipoiva nikaipamba kwa rangi tatu za msimu, yaani zambarau, kijani na manjano. Jirani yetu, mama mtu mzima aliyezaliwa katika mtaa huo huo na ambaye watoto wangu humwita Bibi, aliionja akiwa amesimama upande wake wa uzio. Alitafuna kwa adabu, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ni keki nzuri sana ya siku ya kuzaliwa, ila imeazima nguo za watu.

Maneno yale yalinichoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nimezaliwa Tanga, katika nyumba ya Wakatoliki, na Jumatano ya Majivu nimeijua tangu utotoni, lakini sikuwahi kujua kwamba siku zinazoitangulia zina sherehe yake. Huku, katika mji ulioanzishwa na Wafaransa mwaka 1718, msimu wa kanivali huanza tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, na kuishia Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, ambayo wenyeji huiita Mardi Gras, yaani Jumanne ya mafuta, siku ya kumaliza mayai, siagi na nyama kabla ya kufunga. Katika majuma hayo yote huliwa keki ya wafalme, inayowakumbusha watu wale mamajusi waliokwenda kumwona mtoto Yesu, na ndani yake hufichwa kitu kidogo; atakayekikuta katika kipande chake ndiye atakayeleta keki inayofuata. Kwa mila za mji, kuila kabla ya tarehe 6 Januari ni uroho, na kuila baada ya Jumanne hiyo ni kukosa adabu.

Hata hizo rangi tatu nilizokuwa nimezimwaga juu ya keki yangu bila kufikiri zina historia yake. Zilitokana na kikundi cha maandamano ya kanivali kiitwacho Rex, kilichoandamana kwa mara ya kwanza mwaka 1872, na baadaye kila rangi ikapewa maana: zambarau ni haki, kijani ni imani, na dhahabu ni nguvu. Hayo yote nilielezwa na Bibi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa mjini miaka mitano na bado nilikuwa mgeni wa mambo mengi. Mwaka 2017, nilipokwenda kutazama maandamano kwa mara ya kwanza, nilibahatika kupewa nazi na mmoja wa wanachama wa kikundi cha Zulu, ambao ni mashuhuri kwa kugawa nazi zilizopakwa rangi na kunyunyiziwa vimetameta. Niliona watu wazima wakinyoosha mikono na kulia kama watoto kwa ajili ya nazi, nikadhani wote wana hamu ya wali wa nazi kama mimi. Niliporudi nyumbani nikamwambia Bibi kwamba ningekuwa na mbuzi ya kukunia, mchana ule ule tungekula mchuzi. Aliniangalia kwa hofu, akaniambia kwamba nazi ile huwekwa kabatini na kuachiwa wajukuu. Bado ipo kabatini.

Mwaka huo wa 2021 hapakuwa na maandamano ya kwenda kutazama. Mji ulikuwa umeyafuta tangu Novemba 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watu wa New Orleans, ambao ukiwazuia kusherehekea barabarani watasherehekea uvunguni mwa kitanda, wakaamua kuzipamba nyumba zao zenyewe kana kwamba ni yale magari yapambwayo ya maandamano. Mtaani kwetu nyumba ni za mbao, nyembamba na ndefu, vyumba vimefuatana kimoja nyuma ya kingine, na kila moja ina baraza mbele kama za kwetu Ngamiani. Moja ilipambwa ikawa mamba, nyingine ikajaa maua ya karatasi makubwa kama ungo. Sisi hatukuwa na fedha ya mambo hayo. Hoteli niliyokuwa nikifanya kazi katika chumba cha kufulia ilikuwa imetupunguza, mke wangu alikuwa akifanya kazi ya uuguzi zamu za usiku na kulala mchana, na mimi ndiye niliyekuwa nyumbani na watoto wawili wenye kuchoka haraka. Tulitundika barazani kanga zote zilizokuwa sandukuni, na wapita njia wakawa wanasimama kuuliza maana ya maandishi yake. Ile iliyoandikwa “Mgeni njoo mwenyeji apone” niliieleza mara nyingi hata watoto wakawa wanaieleza wenyewe.

Kwa hiyo keki ilikuwa ndiyo kanivali yetu, na ilibidi iwe keki ya kweli. Nilitafuta maelekezo, nikachagua yale yaliyoonekana ya kitaalamu kuliko yote, na hapo ndipo nilipojua kosa langu la kwanza: keki ya wafalme ya New Orleans si keki kwa maana tuliyoizoea sisi, bali ni mkate mtamu wa hamira, wenye mayai na siagi, unaosukumwa, kukunjwa pamoja na mdalasini na kuunganishwa ncha ukawa pete. Kosa la pili nililifanya papo hapo. Maelekezo yalitaka siagi gramu 225 kwa unga gramu 500, na yalisema maziwa yapashwe moto. Nami nikayapasha mpaka yakafuka, nikayamimina juu ya hamira, nikakanda, nikafunika, nikasubiri saa mbili. Donge lilikaa kama jiwe. Siagi ikaanza kuvuja pembeni, na nilipolioka kwa ukaidi likatoka kitu ambacho hata mbwa wa jirani alikinusa akaondoka.

Asubuhi yake, saa mbili kwangu ambapo ni saa kumi na moja jioni kwao, nilimpigia simu mama.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba, baba. Watoto hawajambo?”

“Hawajambo. Mama, unga wangu umekataa kuumuka.”

“Unga haukatai. Wewe umeufanya nini?”

Nilipomweleza habari za maziwa yaliyokuwa yakifuka alicheka mpaka akakohoa. “Umeiua hamira. Kile ni kitu hai, baba. Wewe ukimwagiwa maji ya moto kichwani, utanyanyuka?” Kisha akaniuliza swali ambalo nimekuwa nikilirudia moyoni tangu siku ile: ni miaka mingapi nilimbebea ndoo ya maandazi, na ni unga upi huo unaonishinda?

Ilikuwa kweli. Mama aliuza maandazi miaka yote niliyokuwa shuleni, nami niliamka naye alfajiri, nikashika bakuli alipokuwa akikanda, nikajua kwa kugusa tu kama donge bado au tayari. Ila nilikuwa nimeuweka ujuzi ule katika fungu la mambo ya utotoni na ya shida, si la mambo ya sherehe, wala haukunijia akilini nilipokuwa nikisoma maelekezo ya kitaalamu ya keki ya Kifaransa. Nilipoyatazama tena kwa macho ya mama niliona kwamba chini ya majina makubwa palikuwa na andazi: unga, hamira, sukari, mayai, mafuta na kimiminika vuguvugu. Tofauti ilikuwa katika wingi wa siagi, na wingi huo ndio unaomtaabisha anayeanza, kwa sababu siagi na sukari zikizidi huielemea hamira na kulifanya donge liwe zito kukandika.

Basi nikaanza upya na donge la maandazi, nikaliongezea siagi kwa kiasi, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia hadi leo. Mama hapimi, hutazama. Mimi nilipima ili niweze kurudia. Huchukua unga wa ngano gramu 500, hamira ya chembechembe pakiti moja ya gramu 7, sukari gramu 80, chumvi nusu kijiko cha chai na iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, nikavichanganya vikiwa vikavu. Kisha hutia mayai mawili na tui la nazi mililita 200. Tui halimo katika keki ya wenyeji, ambao hutumia maziwa. Nililitia kwa sababu ndilo mkono wangu unalolijua, na kwa sababu niliona mji unaolia kwa ajili ya nazi hauwezi kulalamika. Jambo la muhimu ni kwamba liwe vuguvugu tu, la joto ambalo ukichovya kidole hulisikii sana kuwa moto wala baridi. Hamira hufurahia joto la nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi, na likipita 55 huanza kufa.

Siagi, gramu 75 iliyolainika, huitia mwisho, baada ya kukanda dakika tano, kidogo kidogo. Ikiingia mapema huuvika unga mafuta na kuuzuia usishikane. Mara baada ya kuitia, donge huharibika kwa macho, likawa linateleza na kunata vidoleni, na hapo ndipo mtu huongeza unga kwa hofu. Nami niliongeza mara ya kwanza, keki ikatoka ngumu kama mkate wa juzi. Ukivumilia kukanda dakika kumi nyingine bila kuongeza kitu, litajirudi lenyewe, liwe nyororo, na ukivuta kipande chake kwa vidole vya mikono miwili litanyooka kuwa utando unaopitisha mwanga kabla ya kukatika. Kwa maandazi mama hakufika huko, lakini kwa keki hii utando huo ndio unaobeba uzito wa mayai na siagi.

Donge likishaumuka mara mbili ya ukubwa wake, jambo ambalo katika jiko lenye joto huchukua saa moja na nusu, husukumwa kwa kifimbo cha chapati mpaka liwe mkeka wa sentimita 50 kwa 30. Hupakwa siagi laini gramu 60, kisha hunyunyiziwa sukari ya kahawia gramu 100 iliyochanganywa na mdalasini vijiko viwili vya chai, ila ukingo mmoja mrefu uachwe wazi kwa upana wa kidole ili upate kushika. Hukunjwa kama jamvi kutoka upande mrefu wa pili. Kuziunganisha ncha mbili kulinishinda mara mbili, zikawa zinafumuka ndani ya oveni na mdalasini kumwagika, mpaka nilipojifunza kuifungua ncha moja, kuilowesha kwa tone la maji, kuiingiza nyingine ndani yake na kuibana. Na katikati ya pete huweka bilauri ndogo isiyoharibiwa na moto, iliyopakwa siagi kwa nje, kwa maana tundu lisipowekewa mlinzi huziba, na ukiitoa oveni unakuwa na tairi lisilo na tundu.

Huumuka tena dakika 45, hupakwa yai, huingia katika oveni ya nyuzi 175 kwa dakika 25 hadi 30. Hapo sina la kuongeza ila kwamba rangi ya juu hudanganya. Sukari na yai huipa keki wekundu mapema ilhali ndani bado ni bichi, kwa hiyo dakika ya kumi na tano naifunika kwa karatasi ya foili na kuiacha imalize safari yake.

Watu hudhani kazi kubwa ni kukanda, kumbe mimi kilichonitoa jasho zaidi ni sukari ya rangi. Nilitaka kuitengeneza mwenyewe, na kwa kuwa sukari ya kahawia ilikuwapo, nikaitumia hiyo. Kijani kilitoka kama majani yaliyochomwa na jua, na zambarau, niliyoipata kwa kuchanganya rangi nyekundu na bluu, ikatoka kama tope la masika. Rangi hutaka sukari nyeupe, na zambarau hutaka wekundu uanze, kisha bluu iongezwe tone moja moja na kusimama mapema. Kazi yenyewe ni ya watoto: vijiko vinne vya sukari katika mfuko wa plastiki, matone ya rangi, mfuko ufungwe, wautikise. Nimewahi kukosa kuukagua mfuko mmoja, nikafagia sukari ya kijani jikoni kwa siku tatu.

Juu ya keki hupakwa rojo zito la sukari ya unga, gramu 200 kwa vijiko viwili au vitatu vya maziwa, na hapa pana mitego miwili iliyo kinyume. Ukipaka keki ikiwa ya moto, rojo huyeyuka na kutiririka mpaka chini ya sahani. Ukipaka ikiwa imepoa kisha ukakawia kunyunyiza rangi, rojo huganda na sukari huteleza kama mchanga juu ya kioo. Kwa hiyo hupaka theluthi moja, mtoto mmoja akanyunyiza zambarau, nikapaka nyingine, mwenziwe akanyunyiza kijani, na ya manjano wakaigombania.

Kilichobaki ni kitu cha kufichwa. Siku hizi hutumiwa kitoto kidogo cha plastiki, ambacho husukumwa ndani kwa chini baada ya keki kuiva, kwa kuwa plastiki haipelekwi ovenini. Sikuwa nacho, na Bibi akaniambia nisihangaike, maana zamani ilikuwa punje ya haragwe. Kikundi cha Twelfth Night Revelers, kilichoanzishwa mwaka 1870, ndicho kilichokuwa na desturi ya kuficha punje ya dhahabu katika keki ya dansa yao ili mwanamke atakayeipata awe malkia. Mimi nilitia haragwe kavu la kawaida. Huwa nawatangazia wote kabla ya kukata kwamba limo, na kipande cha mtoto mdogo nakipasua mwenyewe kwanza, kwani sherehe isiyo na jino lililovunjika wala mtoto aliyepaliwa ndiyo ninayoitaka.

Keki niliyokusudia kuwagawia majirani niliikanda Jumatatu, tarehe 15 Februari, mkesha wa Jumanne yenyewe, na ndiyo siku baridi kali ilipoushukia mji. New Orleans haijajengwa kwa ajili ya baridi. Nyumba zetu zimeinuliwa juu ya nguzo fupi na upepo hupita chini ya sakafu. Usiku ule kila mtu aliambiwa aache bomba lidondoke ili maji yasigande ndani yake. Jikoni nilikuwa nimevaa koti. Nilikanda donge, nikalifunika, na baada ya saa mbili lilikuwa halijasogea hata unene wa ukucha. Wiki chache nyuma ningelitupa, au ningeongeza hamira na kuiharibu ladha. Safari hii nililibonyeza kwa kidole, nikaona kishimo kinarudi taratibu, nikajua lipo hai ila limelala. Tanga mama hakuhitaji zaidi ya kivuli cha mwembe. Hapa nilichemsha sufuria ya maji, nikaiweka chini ndani ya oveni iliyozimwa, bakuli la donge nikaliweka juu yake, nikafunga mlango. Kila baada ya nusu saa nilibadilisha maji. Mke wangu alipoondoka kwenda zamu alinikuta nimekaa sakafuni mbele ya oveni kama mtu anayetazama televisheni, akaniuliza mechi ni ngapi ngapi.

Liliumuka. Lilichukua karibu saa tatu, na nadhani ule mwendo wa polepole ndio ulioipa keki ladha ambayo zile nilizozifanya haraka hazikuwa nayo.

Jumanne asubuhi niliikata barazani, chini ya kanga zilizokuwa zikipigwa na upepo, na watoto wakiwa wamevaa barakoa juu ya barakoa, ya hospitali ndani na ya manyoya nje, wakapeleka vipande kwenye ngazi za nyumba tisa, wakigonga na kurudi nyuma. Bibi alikuja mwenyewe uzioni amejifunga blanketi. Alikula akiwa amesimama, kama siku ile ya kwanza, akatafuna, akaacha ghafla. Akatoa haragwe mdomoni, akaliangalia mbele na nyuma. Nilimkumbusha kwamba keki inayofuata ni yake. Akanijibu kwamba leo ni Jumanne ya mwisho, msimu unakwisha usiku wa manane, na deni lisilo na msimu ni deni lililokufa. Kisha akauliza ndani mna nini, mbona ina harufu ya mahali asipopajua.

“Iliki na tui la nazi,” nikamwambia.

“Nazi ipi?” akauliza kwa ukali, akitazama dirisha letu, upande lilipo kabati.

Tarehe 6 Januari 2022, saa kumi na mbili jioni, mlango wetu uligongwa. Bibi alikuwa barazani ameshika boksi la keki ya wafalme, na juu ya kifuniko amelibandika haragwe langu kwa gundi. Alisema hamira imemtesa tangu asubuhi, hakulala kwa ajili ya keki ile. Nilipoipokea niliona risiti ya duka bado imenasa chini ya boksi. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikamkaribisha ndani.